MWENDA POLE HAJIKWAI: MAISHA YA BLONDIN, MTEMBEA KAMBANI

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Mpenzi msomaji, hebu tuanze na ubao. Ubao wenye upana wa shubiri moja ukilazwa sakafuni, hakuna mwanafunzi wa shule hii atakayeshindwa kutembea juu yake kutoka mwanzo hadi mwisho. Wengine watapita mbio, wengine watapita wakitafuna mahindi ya kuchoma. Sasa uinue ubao huohuo hadi kimo cha paa la madarasa, uufunge imara usitikisike hata chembe, halafu uwaite wapite. Lo! Hata mabingwa wetu wa riadha wataanza kutafuta visingizio. Ubao ni uleule, miguu ni ileile, na upana haujapungua hata kidogo. Kilichobadilika ni nini basi?

Kuna mtu mmoja aliyelijibu swali hilo maisha yake yote, tena kwa miguu yake. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Jean-François Gravelet, lakini ulimwengu mzima ulimjua kwa jina la Blondin. Ni zaidi ya karne moja sasa tangu aage dunia, na bado jina lake halijafutika. Huenda wewe mwenyewe umelisikia kanisani au katika mikutano ya Chama cha Kikristo hapa shuleni, maana wahubiri wanampenda sana. Wanasimulia kwamba aliwauliza watazamaji kama wanaamini anaweza kumvusha mtu kwa toroli juu ya kamba, wote wakaitikia kwamba wanaamini, lakini alipoomba mmoja wao apande, kila mtu akatazama chini. Hadithi hiyo ni tamu, na kila mhubiri huitia chumvi yake. Mimi nataka niwasimulie maisha yake yenyewe, kwa sababu ndani yake mna funzo ambalo wahubiri hawalitaji, na linatuhusu sisi tunaopita juu ya ulalo kila siku.

KUZALIWA NA MAFUNZO YAKE

Blondin alizaliwa tarehe 28 Februari 1824 katika mji mdogo wa Hesdin, kaskazini mwa Ufaransa. Alipotimiza miaka mitano, umri ambao wengi wetu tulikuwa tungali shule ya nasari tukijifunza kushika penseli, alipelekwa katika shule ya mazoezi ya viungo mjini Lyon. Hakukaa huko muda mrefu kabla ya kuonyesha maajabu. Baada ya miezi sita tu alipandishwa jukwaani mbele ya watu, na watu wakamwita mtoto wa ajabu. Wahenga hawakukosea waliposema samaki mkunje angali mbichi.

Jina la Blondin linatokana na neno la Kifaransa lenye maana ya mtu mwenye nywele za rangi ya dhahabu. Mwili wake haukuwa wa kutisha. Alikuwa mfupi na mwepesi, wala ungemkuta sokoni usingegeuka kumtazama mara ya pili. Lakini kamba alikuwa ameizoea kama sisi tulivyoizoea njia ya kwenda nyumbani. Katika miaka ya 1850 alivuka bahari akaenda Marekani pamoja na kundi la wanasarakasi la jamaa ya Ravel. Huko ndiko alikoyaona maporomoko ya mto Niagara, na tangu siku hiyo moyo wake haukutulia.

SIKU YA NIAGARA

Mto Niagara uko mpakani mwa Marekani na Kanada. Maji yake yakishaporomoka, huingia katika korongo lenye kuta za mawe pande zote mbili, na huko chini huenda kwa ghadhabu yakipiga povu. Watu wengi hudhani Blondin alipita juu ya maporomoko yenyewe. La, hasha! Yeye alivuka juu ya korongo, upande wa chini wa maporomoko, karibu na mahali palipo na daraja la Rainbow siku hizi. Hata hivyo usimdharau. Kamba yake ilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 300, yaani viwanja vitatu vya kandanda vikiunganishwa. Kutoka kwenye kamba hadi majini palikuwa na kama mita 49, karibu nusu ya kimo cha jumba la KICC pale Nairobi ambalo lina mita 105. Upana wa njia yake ulikuwa ni unene wa kamba tu, sentimita chache.

Kamba yenyewe ilikuwa ya nyuzi za mimea, mfano wa katani yetu. Kamba ndefu kiasi hicho haiwezi kunyooka kama rula, hata ukiivuta vipi. Katikati hubonyea. Kwa hiyo Blondin hakutembea mahali tambarare. Alianza kwa kuteremka, kisha nusu ya pili ikawa ni kupanda mlima. Ili kamba isiyumbe huku na huku, alifunga kamba nyingine nyembamba za kando zilizoivuta kutoka kwenye kingo za korongo, kama vile tunavyofunga hema. Lakini kipande cha katikati kabisa hakikufikiwa na kamba hizo. Hapo ndipo pepo zilipoweza kuichezea kamba zitakavyo.

Tarehe 30 Juni 1859 maelfu ya watu walijazana pande zote mbili. Wengine walikuja kuona maajabu, na wengine, tuseme ukweli, walikuja kumwona akifa. Kulikuwa na waliowekeana fedha kwamba ataanguka. Blondin akatokea amevaa viatu laini vya ngozi, mkononi ameshika ufito wa mti wenye urefu wa karibu mita 8 na uzito wa kilo kama 20. Akaanza kutembea kutoka upande wa Marekani. Hakukimbia. Alipofika katikati, mahali pale pabaya pasipo na kamba za kando, akafanya nini? Akaketi! Chini yake palikuwa na meli ndogo iitwayo Maid of the Mist. Akateremsha uzi mrefu, wakamfungia chupa ya divai, akaivuta, akanywa taratibu, kisha akainuka akaendelea na safari yake mpaka Kanada. Baadaye akarudi kwa kamba hiyohiyo huku amebeba kamera mgongoni, akasimama njiani akawapiga picha watu waliokuja kumtazama yeye.

Kiangazi cha 1859 na cha 1860 alivuka mara nyingi, na kila mara alizidisha makeke. Alivuka akiwa amefungwa kitambaa machoni. Alivuka akiwa ndani ya gunia. Alisukuma toroli, ile ambayo mafundi wetu huiita wilbaro. Siku moja alibeba jiko, akaketi katikati ya kamba akakaanga mayai akala. Siku nyingine alisimamisha kiti juu ya kamba akapanda juu yake. Mwaka wa 1860 mwana wa Malkia Victoria, yule aliyekuja kuwa Mfalme Edward wa Saba wa Uingereza, alishuhudia kwa macho yake Blondin akivuka kwa vijiti virefu vilivyofungwa miguuni.

Lakini jambo kubwa kuliko yote lilitendeka mwezi wa Agosti 1859, Blondin alipombeba mtu mgongoni. Mtu huyo alikuwa meneja wake, Harry Colcord. Wasomaji wenzangu, huyu Colcord hakuwa amelelewa kambani, na sijui kama mshahara wowote ungenifanya mimi nikubali kazi yake siku ile. Blondin alimpa maagizo ambayo mwanzoni yanaonekana ya ajabu. Alimkataza kabisa asijaribu kujisawazisha mwenyewe. Blondin akiinama kulia, naye ainame naye. Blondin akisimama, naye atulie kama mzigo wa kuni. Watu wawili wakijisawazisha kila mmoja kivyake juu ya kamba moja, wote wawili huanguka. Njiani Colcord alilazimika kushuka mara kadhaa, akasimama juu ya kamba kwa miguu yake mwenyewe ili Blondin apumzike, kisha akapanda tena. Baadaye alisimulia kwamba kamba moja ya kando ilikatika wakiwa njiani na kamba kubwa ikayumba vibaya, na Blondin akakimbia naye mgongoni mpaka mahali palipo imara. Walifika salama salimini.

SIRI YA BLONDIN

Sasa turudi kwa swali la ubao. Huenda mtu akadhani Blondin alikuwa na dawa au hirizi. Sisi tuliosoma Fizikia ya kidato cha pili tunaweza kueleza bila hirizi.

Kila mtu ana kitovu chake cha uzito, na kwa mtu aliyesimama kiko tumboni karibu na kitovu chenyewe. Ukichora mstari kutoka hapo moja kwa moja hadi chini, ni lazima uangukie katika eneo la nyayo zako. Ukitoka nje ya eneo hilo, unaanguka. Barabarani tunatanua miguu na eneo linakuwa pana. Juu ya ubao eneo linabanwa. Juu ya kamba linabaki jembamba kama kamba yenyewe. Na tukumbuke kwamba hakuna binadamu anayesimama tuli kama nguzo. Hata pale gwarideni asubuhi, mwalimu mkuu anapotuambia tutulie, miili yetu huyumba kidogo sana mbele na nyuma, na ubongo huirekebisha bila sisi kujua.

Ubongo huo hupata habari zake kwa wajumbe watatu. Wa kwanza ni macho, wa pili ni vijifereji vyenye maji vilivyo ndani ya sikio, na wa tatu ni nyayo na viungo vya miguu, vinavyohisi tunaegemea wapi. Chini hapa, macho yanaona vitu vilivyo karibu, kama vile mlango, dawati na ukuta. Ukiyumba kidogo, vitu hivyo huonekana kusogea na macho hupeleka habari mara moja. Lakini ukiwa juu sana, kila kitu kiko mbali. Ukiyumba, vile vilivyo mbali havionekani kusogea, hivyo macho hayaoni lolote la kuripoti. Mjumbe mmoja amenyamaza, ubongo unachanganyikiwa, na hapo ndipo kizunguzungu kinapoingia.

Kisha anakuja adui wa pili, naye ni hofu. Watafiti wamewapima watu wakisimama na kutembea mahali pa juu, na siku hizi hata huwavisha miwani ya kompyuta inayomfanya mtu aone kana kwamba yuko juu ya ubao mrefu ilhali yuko sakafuni. Hata hapo, mtu ambaye anajua kabisa kwamba yuko chumbani hupunguza mwendo na kufupisha hatua zake. Magoti na vifundo vya miguu hukakamaa kama fimbo. Tena badala ya kuacha miguu ifanye kazi iliyoizoea tangu utotoni, anaanza kuiwazia kila hatua. Kumbe kutembea ni kama kumeza mate. Ukianza kukuwazia sana, kunakwama.

Blondin alikuwa na jibu kwa kila adui. Macho hakuyatupa chini majini wala kwa umati. Aliyakaza mbele yake, mahali pamoja pasipocheza. Miguu yake ilikuwa imeizoea kamba tangu miaka mitano, hivyo nyayo zake zilimpa habari zote alizohitaji, na ndiyo sababu aliweza kupita amefungwa macho. Na ule ufito wake mrefu haukuwa pambo. Chukua rula uizungushe kwa kiganja, utaona ni rahisi. Halafu chukua mwanzi mrefu uushike katikati ujaribu kuuzungusha upesi, utaona unavyokaidi. Kitu kirefu na kizito hakikubali kugeuzwa haraka. Blondin alipoanza kuyumba, ufito ulimcheleweshea anguko, akapata nafasi ya kujirekebisha kabla mambo hayajaharibika. Kwa ufupi, ufito ulimnunulia muda.

Hivyo basi, ujasiri peke yake haukumfikisha Kanada. Aliyemfikisha ni mazoezi, ufito, kamba za kando, na ule mwendo wake wa pole. Mwenda pole hajikwai.

LONDON, NA YALIYOTOKEA KWINGINE

Mwaka wa 1861 Blondin alikwenda London akaonyesha sanaa yake katika Crystal Palace, jumba kubwa la vioo na vyuma. Kamba ilifungwa kama mita 21 kutoka sakafuni, naye akapiga pindu juu yake akiwa amevaa vile vijiti virefu. Halafu akafanya jambo lililowakera wengi. Alimweka binti yake mdogo wa miaka mitano ndani ya toroli akamsukuma juu ya kamba. Serikali ikaingilia kati ikakataza. Mimi naona serikali haikukosea hata kidogo. Colcord alikuwa mtu mzima na alikubali mwenyewe. Mtoto wa miaka mitano hana uwezo wa kukubali wala kukataa.

Hapa ndipo ninapoomba, msomaji, usome polepole, maana ndipo penye kiini cha makala haya.

Mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1860 Blondin alikuwa akifanya maonyesho katika bustani ya Portobello mjini Dublin, nchini Ireland. Kamba ilikuwa juu kiasi cha mita 15. Katikati ya maonyesho kamba ikakatika, na jukwaa la mbao lililoishikilia likaporomoka. Blondin hakuumia. Lakini juu ya mbao zile walikuwako wafanyakazi wawili, nao wakaanguka wakafa. Uchunguzi ulifanywa, na lawama nyingi zikaenda kwa kamba na waliohusika nayo.

Tena, tarehe 20 Julai 1863, katika bustani ya Aston mjini Birmingham, Uingereza, alikuwako mwanamke aliyeitwa Selina Powell. Yeye alikuwa mmoja wa wale wengi walioiga kazi ya Blondin ili wapate riziki, na watu waliwaita akina Blondin wa kike. Alikuwa mja mzito, mimba ikiwa imekaribia kuzaliwa. Alipanda kambani, kamba ikakatika, akaanguka akafa mbele ya umati. Malkia Victoria alihuzunika mno, akamwandikia meya wa mji huo kueleza uchungu wake kwamba bustani aliyoifungua yeye mwenyewe mwaka wa 1858 kwa ajili ya burudani ya watu wa kawaida imetumiwa kwa mchezo wa namna hiyo.

Sasa tafakari nami. Katika misiba hii miwili, je, mguu wa nani uliteleza? Hakuna. Selina Powell hakushindwa kutembea. Wale wafanyakazi wawili hata hawakuwa wakicheza mchezo wowote, walikuwa kazini. Kilichoshindwa ni kile kilichokuwa chini ya nyayo zao. Wafanyakazi wale walipanda mbao zilizofungwa na watu wengine, wakaamini kwamba zitawabeba. Magazeti ya ulimwengu yalilijua jina la Blondin, lakini wao ni wachache mno waliowajua.

UZEE WAKE NA KIFO CHAKE

Blondin aliendelea kuzunguka dunia. Mwaka wa 1873 alivuka juu ya bwawa la Edgbaston mjini Birmingham, na leo mjini humo kuna sanamu yake. Mwaka wa 1874 alifika Australia. Alipata kupumzika kwa muda, lakini kamba ilimwita tena na mwaka wa 1880 akarudi. Maonyesho yake ya mwisho yalikuwa Belfast mwaka wa 1896, wakati akiwa na zaidi ya miaka 70! Babu za watu wa umri huo hushikwa mkono wakivuka barabara, naye alikuwa juu ya kamba.

Alifariki tarehe 22 Februari 1897 akiwa na umri wa miaka 72, zikiwa zimebaki siku chache tu atimize 73. Alifia kitandani nyumbani kwake Ealing, London, kwa ugonjwa wa kisukari. Wale waliowekeana fedha kwamba atafia majini walikuwa wamekwisha kungoja bure kwa miaka 38. Nyumba yake aliiita Niagara, akazikwa katika makaburi ya Kensal Green. Mpaka leo kuna barabara huko Ealing zenye majina ya Niagara na Blondin.

Wengine walimfuata. Mwaka wa 1876 mwanamke aitwaye Maria Spelterini alivuka korongo la Niagara, safari moja akiwa amefungwa vikapu miguuni. Tarehe 15 Juni 2012 Nik Wallenda alivuka juu ya maporomoko yenyewe, lakini yeye alifungwa mkanda wa usalama kwa sababu kituo cha televisheni kilichogharimia kilishikilia kwamba asipofungwa hapiti. Blondin yeye hakupenda wavu chini yake. Aliamini kwamba ukijitayarisha kuanguka, utaanguka. Katika mengi namsifu mzee huyu, lakini hapa simfuati. Hata yeye hakuzidharau zile kamba za kando, na kamba za kando ni nini kama si kinga?

FUNZO KWETU

Walimu wetu wapendwa na wanafunzi wenzangu, sisi wa shule ya kutwa tunatembea. Kuna wenzetu ambao kila asubuhi na jioni huvuka mto kwa ulalo, yaani magogo mawili matatu yaliyolazwa kutoka ukingo hadi ukingo. Wakati wa kiangazi ulalo ni mchezo tu. Mvua za masika zikifika, gogo linateleza kama kambare, maji yanapanda, na yanapopita chini kwa kasi hufanya macho yadhani gogo ndilo linalokwenda. Hapo mjumbe wa macho hajanyamaza tu, anasema uongo kabisa. Mtoto wa darasa la pili anavuka hapo na mkoba mgongoni, viatu mkononi. Yeye hakusomea Lyon. Hana ufito wa mita 8.

Tazama pia mafundi wa mjengo. Kila mji wetu unajengwa maghorofa, na vijana waliomaliza shule juzi wanapita juu ya mbao nyembamba wakiwa na karai la zege begani. Nchi yetu ina Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007, na inamtaka mwajiri ahakikishe mahali pa kazi na njia ya kupafikia ni salama. Lakini sheria haishiki mbao. Mbao hushikwa na misumari na kamba, na mtu wa kuzikagua kila asubuhi.

Tumezoea kusema ajali haina kinga. Ninaiheshimu methali hiyo, lakini naona mara nyingi tunaitumia vibaya. Tunaitumia kufunika uvivu. Wale wawili wa Dublin walikuwa na kinga, nayo ilikuwa kamba nzuri na mbao zilizofungwa vizuri. Walinyimwa. Tunapomwona mtu ameanguka kutoka mahali pembamba, tunauliza kwa nini hakuwa mwangalifu. Swali la kwanza lingekuwa ni nani aliyeifunga mbao ile, na kwa nini haikuwa na kishikilio.

Kishikilio! Kitu kidogo hivyo. Ufito mmoja uliopigiliwa kando ya ulalo, kimo cha kiuno, si lazima hata uwe na nguvu ya kumbeba mtu mzima. Ukiugusa tu kwa kidole, mkono unaanza kuuambia ubongo unayumba upande gani, na yule mjumbe aliyenyamaza anapata mtu wa kumsaidia kazi. Hofu inapungua, magoti yanalegea, hatua zinarudi kuwa za kawaida. Gogo la tatu likilazwa kando ya mawili, eneo la kukanyagia linaongezeka. Mambo haya hayahitaji bajeti ya serikali kuu. Yanahitaji panga, misumari, kamba na Jumamosi moja. Vyama vyetu hapa shuleni, cha Kiswahili kikiwemo, vinaweza.

Na wewe ambaye bado unavuka ulalo usio na kishikilio, jifunze kwa Blondin. Usikimbie, wala usikubali kusukumwa na wenzako wanaokucheka. Usitazame maji, kaza macho kwenye ukingo unaokwenda. Usivuke ukiwa umebeba mzigo upande mmoja tu. Na ukimbeba mdogo wako mgongoni, mwambie atulie kama Colcord, asijisawazishe kivyake. Mto ukiwa umefurika, rudi nyumbani. Kukosa kipindi kimoja ni afadhali kuliko kukosa vyote.

Blondin alipewa miaka mingi ya mazoezi, kamba zake aliziangalia mwenyewe, na akafa mzee kitandani. Wengi wetu hatutapata mazoezi hayo, wala hatuyahitaji. Tunachohitaji ni njia pana kidogo na mahali pa kushika. Kalamu yangu inakomea hapa. Nawatakia safari njema ya kwenda na kurudi.